UZI: Emmy kwa waigizaji – nani anaingia kipengele gani, na kwa nini wengine hukatwa

#1 Fundi Antena (mleta uzi)

Wakuu, kila Julai majina ya wateule wa Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, yakitoka, maswali humu ni yale yale. "Huyu ndiye nyota, mbona kawekwa msaidizi?" "Yule kapita tu kwenye episodi moja, kateuliwaje?" Majibu mengi yako kwenye kanuni na fomu, kipaji kinakuja baadaye. Naweka uzi mmoja tuwe tunarejea hapa. Anayejua zaidi aongeze, nikikosea nikosoeni.

Kwanza Emmy si moja. Hii ya Septemba, inayoitwa Primetime, ni ya Akademia ya Televisheni iliyoko Los Angeles. Habari, michezo na vipindi vya mchana vina taasisi nyingine, iko New York. Ya tatu ni Akademia ya Kimataifa, nayo iko New York, inashughulika na kazi za nje ya Marekani. Juu ya hapo zipo Emmy za mikoa, zinazotolewa kwa vituo vya miji ya Marekani. Kwa hiyo mtu akijitambulisha kuwa "mshindi wa Emmy", swali la kwanza ni: Emmy ipi?

Kalenda ya Primetime: kinachohesabika ni kilichorushwa kuanzia Juni 1 ya mwaka uliopita hadi Mei 31 ya mwaka huu. Juni wanachama wanapiga kura ya uteuzi, katikati ya Julai majina yanatoka, Agosti kura ya mwisho, Septemba sherehe. Mwaka 2023 migomo ya waandishi na waigizaji ilivuruga ratiba, sherehe ikasogezwa hadi Januari 15, 2024. Ya 2024 ikafuata Septemba 15 mwaka huohuo, ndiyo maana mwaka huo una sherehe mbili na watu wanachanganya takwimu.

Vipengele vya uigizaji: tamthilia ina mkuu, msaidizi na mgeni. Vichekesho vivyo hivyo. Mfululizo mfupi na filamu za televisheni zina mkuu na msaidizi tu, mgeni hakuna. Kila kimoja wanaume na wanawake wametenganishwa. Jumla 16.

Sasa shika hili: anayechagua boksi la mkuu au msaidizi ni upande wa mwigizaji na watayarishaji wake, kwenye fomu. Akademia haikai na saa kuhesabu nani kaonekana zaidi. Inachokagua kwa hesabu ni hasa mgeni. Na kwa uhusika mmoja hauruhusiwi kujaza maboksi mawili mwaka mmoja.

#2 Mtaa wa Pili

Fundi, hapo kwenye kuchagua boksi ndipo penye uhuni wote. Kundi zima la kipindi cha vichekesho Modern Family, watu wazima wote, walijiandikisha wasaidizi. Ed O'Neill, aliyemcheza babu wa familia, ni msaidizi wa nani pale?

#3 Fundi Antena (mleta uzi)

Mimi sioni uhuni. Kipindi cha kundi hakina mkuu mmoja, na wakijaza wote "mkuu" wanagombana wenyewe kwa wenyewe kwenye mikataba kabla hata ya kura. Waigizaji wa vichekesho vya Friends walifanya hivyohivyo miaka mingi. Lisa Kudrow alishinda 1998 akiwa msaidizi. Baadaye wakahamia boksi la mkuu, na Jennifer Aniston akashinda 2002. Hadithi ileile, wahusika walewale, fomu tofauti.

Mfano wa karibuni ni Kieran Culkin wa Succession. Misimu ya mwanzo alikuwa msaidizi. Msimu wa mwisho akahamia mkuu, akakutana na Brian Cox na Jeremy Strong wa tamthilia hiyohiyo, akawapita wote.

#4 Bi Msomaji

Naomba nifafanue la mgeni maana ndilo linaloumiza watu. Kanuni tangu 2015: mgeni ni aliyeonekana katika chini ya nusu ya episodi za msimu. Soma tena, chini ya nusu. Nusu kamili umetoka.

Peter MacNicol aliteuliwa 2016 kama mgeni kwenye kipindi cha vichekesho Veep. Msimu ule ulikuwa na episodi 10. Ilipohesabiwa ikaonekana amefika nusu. Uteuzi ukafutwa majina yakiwa yameshatangazwa, nafasi akapewa Peter Scolari wa Girls. Na Scolari ndiye aliyeshinda! Yaani mtu hakuwa hata kwenye orodha ya kwanza, akaondoka na sanamu.

Tatizo hili huanzia hivi: fomu inajazwa msimu bado unaendelea kurushwa. Aliyejaza anajua mwigizaji ana "episodi nne hivi". Mhariri anarudisha tukio moja kwenye episodi ya nane, mwigizaji anaonekana sekunde chache akipita kwenye korido, hesabu inakuwa tano kwa kumi. Kwa hiyo anayeshughulikia fomu asihesabu kwa mkataba wala kwa siku za kupiga picha. Ahesabu kwa episodi zilizokamilika kuhaririwa, majina ya mwisho wa kipindi yakiwa mkononi.

#5 Kamba ya Taa (Mombasa)

Ahsante Bi Msomaji. Niongeze kwamba mlango wa mgeni wameubana tena. Claire Foy alishinda mkuu 2018 kwa The Crown. Halafu 2021 akashinda mgeni kwa uhusika uleule, maana alirudi kwa kipande tu cha kumbukumbu. Watu walinung'unika sana. Kuanzia mashindano ya 2025, ukishateuliwa kama mkuu au msaidizi kwa uhusika fulani, huwezi kurudi na uhusika huohuo kama mgeni.

Na wale wanaoendesha Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Marekani, wiki moja moja huingia kwa mgeni wa vichekesho. Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni Waganda, aliteuliwa hivyo 2021. Dave Chappelle akachukua.

#6 Mtaa wa Pili

Sawa, lakini hakuna kiwango cha chini? Mtu anaweza kuteuliwa kwa kupiga chafya?

#7 Bi Msomaji

Karibu na hapo ilishatokea. Mwaka 2006 Ellen Burstyn aliteuliwa msaidizi kwa filamu ya televisheni Mrs. Harris. Muda wake kwenye skrini: sekunde 14. Kelele zilipozidi ikawekwa kanuni ya msaidizi katika mfululizo mfupi na filamu: lazima aonekane angalau asilimia 5 ya kazi nzima. Kwa filamu ya dakika 100 hiyo ni dakika 5.

Yeye hakufanya kosa lolote. Wapiga kura waliona jina kubwa kwenye orodha, wakatia tiki. Ndivyo raundi ya kwanza inavyofanya kazi: ni orodha ndefu ya majina, na jina unalolijua linakurukia machoni kabla ya lile usilolijua.

#8 Fundi Antena (mleta uzi)

Hapo ndipo fedha za kampeni zinapoingia. Mabango ya Los Angeles, maonyesho ya bure kwa wanachama, mazungumzo na waigizaji baada ya onyesho. Zamani kulikuwa na masanduku ya DVD majumbani kwa wanachama, hayo yalipigwa marufuku kuanzia 2020, sasa kila kitu kinatazamwa kwenye jukwaa la mtandaoni la Akademia.

Ila kampuni isipokuwasilisha jina lako bado una njia. Unajaza mwenyewe na kulipa mwenyewe. Mwaka 2019, msimu wa mwisho wa Game of Thrones, kituo cha HBO hakikuwasilisha majina ya Gwendoline Christie, Alfie Allen na Carice van Houten. Kila mmoja akajiwasilisha, ada iliyotajwa ilikuwa dola 225. Wote watatu wakateuliwa. Hakuna aliyeshinda, lakini "mteule wa Emmy" inabaki kwenye wasifu maisha yote kwa dola 225. Sijui tangazo gani lingine ni rahisi hivyo.

#9 Kijiti cha Zamu

Wakuu hebu mtueleze kura zinavyohesabiwa. Nimesikia wanapanga kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho.

#10 Bi Msomaji

Hiyo ilikuwa zamani. Mpaka 2014 kura ya mwisho ilipigwa na majopo madogo. Mwaka 2015 ikafunguliwa kwa wanachama wote wanaostahili wa kundi husika, waigizaji wakapigia waigizaji. Mwaka 2016 wakaacha kupanga kwa namba. Sasa unachagua jina moja, mwenye nyingi anashinda. Hakuna kurudia wala kutafuta zaidi ya nusu.

Piga hesabu: wateule saba, kura zikigawanyika karibu sawa, mtu anaweza kushinda na asilimia 15 tu. Maana yake 85 kwa mia hawakumtaka, na bado kashinda kihalali.

#11 Mtaa wa Pili

Basi ndiyo nasema, kipindi kimoja kikiingiza watu wanne kwenye kipengele kimoja wanagawana kura, wa nje anapita katikati.

#12 Bi Msomaji

Kwa hesabu ya mezani uko sahihi. Kwa matokeo, hapana.

2011, msaidizi wa vichekesho: Modern Family ilikuwa na wanne. Akashinda Ty Burrell wa Modern Family.
2021, kipengele hichohicho: Ted Lasso wanne. Akashinda Brett Goldstein wa Ted Lasso.
Sherehe ya Januari 2024, msaidizi wa tamthilia: Succession wanne. Akashinda Matthew Macfadyen wa Succession.

Sababu ni nyepesi. Kipindi kilichoingiza wanne ndicho ambacho kila mwanachama amekitazama. Na wanachama wanazungumza, hadi Agosti imeshajulikana ni nani kati ya wale wanne "mwaka wake umefika".

#13 Fundi Antena (mleta uzi)

Nimekubali, hilo la kugawana kura hata mimi nilikuwa naliamini.

Tuje kwenye kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha uzi. Ukishateuliwa, mwigizaji anawasilisha episodi moja. Tamthilia yenyewe inayogombea tamthilia bora inaweka sita, mwigizaji ana moja. Msimu mzima wa kazi unasimama kwenye hiyo moja. Inapokosewa:

Kuchagua episodi bora ya msimu badala ya episodi bora ya mwigizaji. Episodi kali mara nyingi ni ya mwandishi au mwongozaji, wewe upo pembeni unatazama mlipuko.

Kuchagua tukio la kilio linalohitaji kujua misimu mitatu ya nyuma. Mpiga kura ambaye hajafuatilia anaona mtu analia tu, hajui analilia nini. Bora episodi inayojitosheleza: shida inaanza humo, inaishia humo, na mhusika wako anabadilika mbele ya macho.

Kuweka nguvu zote dakika za mwisho. Mtu ana orodha ndefu ya kutazama usiku, usipomshika mapema anaanza kushika simu.

Kwa vichekesho kuna mtego wa peke yake: episodi inayochekesha kuliko zote si lazima ikuoneshe wewe ukiigiza. Wengi huchagua yenye kicheko pamoja na jeraha kidogo.

Hata hivyo usahihi wa episodi hauhakikishi kitu. Steve Carell aliteuliwa mara sita mfululizo kwa The Office, 2006 hadi 2011, ya mwisho ikiwa kwa msimu wa kuaga. Hakushinda hata moja.

#14 Kamba ya Taa (Mombasa)

Kuna boksi lingine ambalo mwigizaji halichagui kabisa, la tamthilia au vichekesho. Hapo anaamuliwa na kazi nzima.

Uzo Aduba wa Orange Is the New Black, mhusika mmoja, yule yule: 2014 akashinda mgeni wa vichekesho. Mwaka 2015 ikaja kanuni kwamba kipindi cha nusu saa ni vichekesho, cha saa moja ni tamthilia, anayetaka tofauti aombe kwa jopo la watu tisa na apate theluthi mbili. Netflix wakaomba, wakanyimwa. Kipindi kikahamishiwa upande wa tamthilia, na Aduba akashinda msaidizi wa tamthilia. Mwingine aliyewahi kushinda pande zote mbili kwa mhusika mmoja ni Ed Asner, aliyemcheza Lou Grant kwanza kwenye vichekesho, kisha kwenye tamthilia yenye jina hilo.

Kanuni ya dakika imeshaondolewa, siku hizi watayarishaji ndio wanaosema kazi yao ni nini, na jopo la Akademia linaweza kupinga. Ndiyo maana mnaiona The Bear kwenye vichekesho. Jamie Lee Curtis alishinda mgeni wa *vichekesho* 2024 kwa kumcheza mama mlevi kwenye chakula cha Krismasi kinachoishia na gari kuingia ukutani.

#15 Mtaa wa Pili

Nimecheka kuliko nilivyocheka nikiitazama.

#16 Kijiti cha Zamu

Maswali madogo madogo: tuzo za wageni mbona hatuzioni usiku mkubwa? Sanamu ina jina tayari? Na hizo sekunde za hotuba ni ngapi?

#17 Bi Msomaji

Wageni hupewa kwenye sherehe za Creative Arts, zinazofanyika kabla ya usiku mkubwa pamoja na mavazi, sauti, uhariri na kadhalika. Ni Emmy ileile, sanamu ileile, kamera chache tu.

Sanamu haina jina jukwaani, haiwezi kuwa nalo kwa sababu matokeo ni siri. Kibao chenye jina kinafungwa baadaye, kwenye dhifa ya usiku huo. Urefu ni kama sentimita 39, uzito kilo 3 na ushee, ndiyo maana unaona mtu anaipokea kwa mkono mmoja kisha haraka analeta wa pili. Tangu 2021 mwigizaji akipenda anaweza kuomba kibao kiandikwe neno la jumla la "Performer" (mtendaji) badala ya lile la kiume au la kike. Jina Emmy lenyewe limetokana na "Immy", utani wa mafundi kwa mrija wa kamera za zamani.

Hotuba ni sekunde 45. Septemba 2025 mwendesha sherehe Nate Bargatze aliweka ahadi ya dola 100,000 kwa klabu za watoto: kila sekunde ya ziada dola 1,000 zinapungua, ukimaliza mapema zinaongezeka. Hesabu ikawa inaonekana kwenye skrini. Ikashuka, ikashuka, ikapita sifuri. Mwishoni akatoa 250,000 mwenyewe na CBS, kituo kilichorusha sherehe, wakatoa 100,000. Funzo kwa anayeandaa hotuba: sekunde 45 ni maneno kama 90 hadi 100 ya Kiingereza, na saa inatembea wakati wewe bado unavuta pumzi na kufungua karatasi. Majina ya mawakala ndiyo yanayokula muda, yapelekwe kwenye mahojiano ya nyuma ya jukwaa.

#18 Simba wa Karatasi

Wasimulizi je? Si ni watendaji pia?

#19 Kamba ya Taa (Mombasa)

Wana kipengele chao, kinatolewa Creative Arts. Na hapo ndipo sisi tunaingia kwa jina: Lupita Nyong'o aliteuliwa 2020 kwa kusimulia mfululizo wa wanyama, Serengeti. Toleo la Marekani la Discovery lilikuwa na sauti yake, la BBC lilikuwa na sauti ya John Boyega, wanyama walewale. David Attenborough akashinda mwaka huo. Mwaka 2022 akashinda Barack Obama kwa mfululizo wa hifadhi za taifa, na moja ya hifadhi hizo ni Tsavo.

#20 Kijiti cha Zamu

Sasa swali la mwisho, la kwetu. Tamthilia ya Kiswahili, imepigwa Bagamoyo au Lamu, mwigizaji wake anaweza kuwania?

#21 Fundi Antena (mleta uzi)

Lugha si kikwazo. Lee Jung-jae alishinda mwigizaji mkuu wa tamthilia 2022 akizungumza Kikorea kwenye Squid Game. Shōgun, sehemu kubwa ni Kijapani, ilichukua tuzo 18 mwaka 2024, Anna Sawai na Hiroyuki Sanada wakiwemo.

Kikwazo ni mkataba. Kwa Primetime, kazi ya nje lazima iwe ya ubia na upande wa Marekani, kwa fedha na kwa ubunifu, na ubia huo uwe umefungwa kabla uzalishaji haujaanza, kwa lengo la kuonyeshwa Marekani. Ukimaliza tamthilia yako halafu ukaiuzia kampuni ya Marekani haki za kuionyesha, hujatimiza. Watu wengi wanakosea hapa, wanaona nembo ya jukwaa kubwa wanadhani mlango umefunguka. Angalia tarehe ya kusaini na tarehe ya siku ya kwanza ya kupiga picha, ipi imetangulia.

Bila ubia, njia yenu ni Emmy ya Kimataifa. Ina mwigizaji bora wa kiume na wa kike, wateule wanne kila kimoja, sherehe ni Novemba New York. Thuso Mbedu wa Afrika Kusini aliteuliwa huko 2018.

#22 Bi Msomaji

Na huko majaji wanatoka nchi nyingi, kwa hiyo uigizaji wako unapita kwenye maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Asiachiwe mtu wa kompyuta peke yake kazi hiyo. Mfano: kijana anaingia, anasema "Shikamoo", baba anamtazama, haitikii. Kwetu hapo tukio zima limeshaelezwa, baba amemkataa. Mtafsiri akiandika neno la salamu ya kawaida tu, jaji anaona mzee ambaye hajasikia.

#23 Simba wa Karatasi

Uandikeje sasa?

#24 Bi Msomaji

Ukiwa na nafasi ya mistari miwili, mpe kijana "Heshima yako, baba", kisha acha skrini tupu kwa sekunde zote za kimya. Usijaze. Episodi za mwanzo ziwe na baba akiitikia "Marahaba" angalau mara mbili, zitafsiriwe kwa maneno yaleyale kila mara, ili siku asipoitikia pengo lionekane. Ila kumbuka jaji wa mwigizaji anaweza kuwa anatazama episodi moja tu, basi hizo marahaba mbili ziwe ndani ya hiyohiyo.